Chukudu Ilitufuata Lushebere

Mume wangu alikuwa anafundisha huko Walikale, na vita ilikuwa imefunga njia ya kurudi. Nilibaki na mapacha wetu wachanga kwenye kilima, juu ya Masisi centre. Kila nikishuka dukani nilibeba mtoto mmoja mgongoni na mwenzake kifuani, na lazima nipite bariyeri ya watu wenye bunduki.

Ndipo mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mtu wa misa ya kila asubuhi, akaanzisha abonema dukani kwake. Ukitoa mchango wa mwezi, vitu vinaletwa mpaka nyumbani, usafiri bure. Jirani yangu alicheka.

"Utalipa, na hakuna kitu kitapanda huku!"

Nikalipa hata hivyo. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

Vitu vilipanda. Kila wiki papa mmoja, mwanaume wa makamo aliyetumwa na duka, alisukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hadi mlangoni kwangu, imepakia chumvi, sabuni, mawese, sukari kidogo. Pale bariyeri walimzoea, wakamwacha apite. Mimi nililima maharagwe yangu asubuhi nzima, watoto wakilala kivulini, bila kuwaza ile njia.

Kisha risasi zikafika kilimani kwetu. Tulikimbilia kambi ya Lushebere na sufuria moja na vitenge vya kubebea watoto. Kwa kukosa sabuni mapacha walitoka upele, wakawa wanalia usiku kucha. Abonema hata sikuikumbuka.

Asubuhi moja nikasikia sauti kati ya vibanda: "Mama wa mapacha iko wapi?"

Nilitoka. Alikuwa yule papa wa chukudu, matope mpaka magotini.

"Papa, umetupata namna gani?"

"Niliuliza watu. Mwezi wako haujaisha, Mama."

"Lakini mimi sina nyumba tena."

"Patron wa duka alisema tupeleke nyumbani kwa watu. Kwenye munalala, pale njo nyumbani."

Akateremsha chumvi, mawese na sabuni. Nikamletea maji, akanywa akiwa amesimama, akaulizia kibanda cha mama mwingine, akaenda zake.

Jua lilipopanda niliwaogesha mapacha kwenye beseni la kuazima. Mmoja alisinzia ndani ya maji, povu bado masikioni. Nikakaa chini kando yao, nikanyoosha miguu, kwa mara ya kwanza tangu tukimbie.