Kishimo cha Shangazi

Baba yangu ni fundi sofa wa Keko, na nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na sofa. Tulikuwa na viti vya plastiki, mkeka, na amri moja: sofa ya mteja haikaliwi. Kibanda chake cha kazi kando ya barabara kilivuja, kwa hiyo sofa zilizokamilika zilisubiri gari sebuleni kwetu, zimefungwa nailoni, na sie watoto tulizipita kwa kunyata. Ukibonyeza sponji hata kwa kidole, baba aliona. Sijui aliona vipi, ila aliona, na siku hiyo ulikula umenuna.

Nayasema haya kwa sababu amri hiyo nilikwenda nayo hadi chuo kikuu bila kujua.

Shahada yangu ya pili ni ya fizikia, na nilichokuwa nasoma ni ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta, oksidi ya titani. Ukiutazama kwa karibu kupita macho yanavyoweza, ni atomi za titani na oksijeni zilizopangwa safu kwa safu. Kwenye uso wake, oksijeni moja ikichomoka huacha elektroni nyuma. Wenye maabara kubwa walishaona kwamba elektroni hiyo haizururi. Inakaa kwenye atomi moja ya titani, oksijeni za jirani zinasogea kidogo kuipisha, na kile kishimo kinachotokea ndicho kinachoishika. Elektroni na kishimo chake, kwa pamoja, huitwa polaroni. Nililipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza. Kitu kidogo kiasi hicho, na kinajipatia makao kwa kukaa tu!

Kazi yangu ilikuwa kulionyesha hilo kwa hesabu za kompyuta. Likagoma. Karibu mwaka mzima nilipanga atomi zangu, nikaongeza elektroni, na kompyuta ikaitandaza juu ya titani zote sawasawa, kama siagi kwenye mkate. Nikanyoosha safu upya. Siagi. Msimamizi wangu, mama mpole asiyepandisha sauti, akaniambia kwa upole wake uleule, "Mwanangu, Jumatatu usipokuja na kitu, tunabadilisha mada." Nililia chooni, kisha nikajikasirikia kwa kulia.

Jumamosi nilikuwa sebuleni na laptop mapajani. Mbele yangu kulikuwa na sofa ya watu watatu, ya bwana mmoja wa Mwananyamala aliyekuwa anaoa wiki inayofuata. Baba alikuwa anaikagua mara ya mwisho kabla ya kuifunga nailoni. Mlango ukasukumwa, akaingia shangazi, dada yake mkubwa, ametoka Ukonga, mwili umejaa, miguu inamuuma, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nipisheni jamani, nimechoka mie."

Akakaa. Kwenye sofa ya mteja, upande wa kushoto, pu!

Baba alipiga hatua moja kuelekea sofa, akasita. Utamwinuaje dada yako mkubwa? Akaishia kusema, "Dada, kile kiti pale dirishani kina upepo mzuri."

"Upepo wenyewe uje huku," shangazi akajibu, akavua viatu.

Alikunywa chai pale, akatupa habari zote za Ukonga pale. Adhana ya alasiri ilipolia akataka kuinuka, akashindwa. Sponji ilikuwa imemmeza. "Jamani, limenishika hili!" Mie nikamvuta mkono mmoja, baba mwingine, akainuka nusu, akashikwa na kicheko, akarudi kulekule. Tulicheka hadi mikono ikaisha nguvu. Baba, aliyekuwa amenuna muda wote huo, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mie ndiye niliyeacha kucheka kwanza. Nilikuwa natazama sofa: kulia imenyooka, kushoto shimo, na shangazi ndani yake. Karibu mwaka mzima nilikuwa naiwekea elektroni sofa iliyonyooka, kila titani sawa na mwenzake. Ingekaa wapi? Hakuna mwalimu aliyenikataza kubonyeza. Ilikuwa ile amri ya sebuleni.

Nikafungua faili, nikachagua titani moja, nikazisogeza oksijeni zake kidogo pembeni. Nilijiona mwizi kabisa, hata nikageuka kuangalia kama baba ananiona. Kisha nikaituma hesabu kwenye mashine ya chuo. Majibu yalikuja Jumapili mchana: elektroni yote imekaa pale nilipobonyeza, na nishati imeshuka kuliko ilipokuwa imetandazwa. Nilipiga kelele hadi jirani akauliza nani kafunga goli.

Jumatatu msimamizi alitazama picha, akavua miwani. "Umefanyaje?"

"Nimeitengenezea kishimo kwanza, mama."

Akacheka. Mada ikabaki yangu.

Jioni nilimweleza baba kila kitu, kipande cha sponji mkononi. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mie. "Sasa kwa nini hukubonyeza tangu mwanzo? Mwaka mzima!"

"Baba, nani alinifundisha kutobonyeza?"

Aliinuka, akaiendea sofa ya yule bwana harusi. Ilikuwa imeshafungwa nailoni, gari la kuichukua lingekuja kesho yake asubuhi. Akachukua kisu, akaichana nailoni kutoka juu hadi chini.

"Kaa."

"Ya mteja hiyo."

"Kaa, nimesema."

Nikakaa, kwanza ukingoni, halafu kwa uzito wangu wote. Nina miaka ishirini na sita, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukalia kazi ya baba yangu. Nilifurahi, nikaegemea hadi nyuma.

"Baba, kumbe ni tamu hivi?"

"Sijui," akasema. "Huwa nabonyeza kwa kiganja tu. Sijawahi kukalia hata moja."

Nikasogea, naye akakaa.