Shahidi wa Marlene

Niseme ukweli mapema: mdogo wangu Marlene nimemwonea kijicho tangu siku alipoletwa nyumbani amefungwa blanketi, na barua ya wakili wake ilipofika kwangu Cleveland, nilifurahi. Haikuwa furaha nzuri. Barua ilisema kwamba mama yetu, Stella, amepata kiharusi na amepelekwa kwenye makao ya wazee, kwamba Marlene anataka kuandikiwa nyumba ya Mama, na kwamba wanahitaji mtu wa kuthibitisha kuwa ni yeye aliyemtunza. Niliisoma mara tatu nimesimama jikoni. Kumbe kipo kitu anachokitaka Marlene, na mwenye nacho ni mimi!

Mjue Marlene ni nani. Shule aliiacha, kazi ya saluni ikamshinda kwa maumivu ya mgongo, akaolewa na mlevi huko Erie. Akiwa na miaka hamsini na minane akatalikiwa, akarudi na masanduku mawili kwenye mji wetu wa makaa ya mawe, kwenye chumba kile kile alichokulia. Mama alikuwa ameanza kusahau jiko likiwaka. Marlene akabaki. Hapo ndipo sifa zilipoanza. Parokia nzima, Marlene malaika, Marlene mtakatifu. Mimi niliyesoma, niliyesimamia maktaba ya shule miaka thelathini, hakuna aliyewahi kuniita malaika hata kwa utani.

Pasaka moja nilipeleka paja zima la nguruwe nililolioka mwenyewe. Nikaanza kumkatia Mama. Akanizuia mkono mbele ya wageni, akasema, "Mwachie Marlene. Yeye ndiye anayejua ninavyopenda." Roho iliniuma mpaka leo nikisimulia inaniuma. Niliendesha gari kurudi kwangu bila kuaga, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa Krismasi tu, nusu saa, koti mwilini.

Basi nikaenda kwa wakili. Marlene alikuwa amefika, ameketi ukingoni mwa kiti, mikono imempasuka kwa sabuni.

"Dada, umekuja," alisema.

"Ulidhani sitakuja?"

"Nilidhani theluji itakuzuia."

Wakili, Bi Fenton, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi, akanieleza. "Akiba ya mama yenu imekwisha. Serikali itamlipia makao, lakini akigawa nyumba bure wanamwadhibu, hawalipi kwa miezi kadhaa. Akifa nyumba ikiwa bado kwa jina lake, wanakuja kuidai ili warudishe gharama zao. Njia iliyobaki ni moja. Mtoto aliyeishi na mzazi wake miaka miwili mfululizo kabla hajapelekwa makaoni, na kwa kumtunza akamchelewesha kupelekwa, huyo anaruhusiwa kupewa nyumba."

"Si apewe, basi?" nikasema kwa sauti tamu.

"Makaratasi yanamkataa. Leseni ya gari, benki, hata kitambulisho cha mpiga kura, vyote vina anwani ya Erie."

Marlene alitazama magoti yake. "Niliona haya. Mtu mzima kuandika kwamba ninaishi kwa mama yangu? Nilijiambia ni kwa muda tu."

Hapo nikamwelewa, maana kwetu hiyo ni aibu kweli. Lakini sikumhurumia. Nilishajua nitakalofanya: nitasema sikumbuki. Nyumba ichukuliwe na serikali, tukose wote. Alale kwenye gari lake huyo malaika. Nilitaka kwanza anibembeleze.

Bi Fenton akachukua kalamu. "Nani alikuwa akimwogesha mama?"

"Marlene, nafikiri."

"Uliona?"

"Sikuona."

"Sindano ya kisukari alichomwa saa ngapi?"

Sikujua. Sikujua hata kwamba Mama anachomwa sindano.

"Katika miaka hiyo umelala pale siku ngapi?"

Kabla sijajibu, Marlene akadakia, "Alikuja Krismasi zote, Bi Fenton. Alileta na keki." Alikuwa ananikinga! Nilitamani kumzaba kofi.

Bi Fenton akafunika kalamu. "Siwezi kukutumia, Bi Loretta. Wakikuhoji watatuvunjia kesi."

Asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwa nimeendesha saa mbili na nusu kwenye theluji kwenda kumnyima mtu kitu nisichokuwa nacho.

"Yuko mwingine lakini," Bi Fenton akasema. "Gerald Tuttle, mpeleka barua anayepita nyumba kwa nyumba mtaani kwenu."

Nikacheka. "Mpeleka barua? Si umesema barua za Marlene zote zinakwenda Erie?"

"Ndiyo maana wataamini. Hana sababu ya kumpendelea." Akavaa miwani, akasoma:

"Sikuwahi kumletea Bi Marlene barua hata moja, lakini kila siku ya kazi nilimkuta pale, miaka miwili na miezi minne. Saa nne hutoka barazani amemshika mama yake kiunoni. Siku nyingine hutoka na povu mpaka viwikoni, mama amefungwa taulo kichwani. Bi kizee huniuliza swali lile lile: kuna barua ya Loretta? Binti yake ndiye humjibu: leo hakuna, Mama, labda kesho. Kisha humrudisha ndani."

Marlene akamgeukia wakili. "Hapo nilikuomba upafute."

"Na mimi nilikataa. Hapo ndipo panapoonyesha ulikuwepo kila siku."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Marlene.

"Nikuambie nini?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. "Namwosha mimi, namlisha mimi, namgeuza mimi, halafu anakutaka wewe! Unadhani ni wewe peke yako unayejua wivu? Siku moja nilikaa nikaanza kumwandikia barua, nijifanye wewe. Nikaichana. Nikasema hapana, na hilo pia nimfanyie Loretta?"

"Ningekuja."

"Ungekuja ukae na koti lako."

Bi Fenton akanisogezea karatasi ya kusema kwamba sina pingamizi. Nikatia saini. Nilimuuliza Marlene kama Mama bado ananiulizia huko makaoni, akasema tangu kiharusi hatamki neno.

Nyumba ni yake sasa, na simwonei wivu kwa nyumba. Namwonea wivu kwa zile asubuhi za barazani, kwa kuwa kila Mama alipotaja jina langu, aliyelisikia ni yeye.