Mkorosho wa Wafaransa

Siku niliyokwenda Mkunya kununua shamba la Selestini, nilimkuta amelala chali chini ya pikipiki ya mtu, miguu nje, redio imening'inizwa kwenye usukani. Nikaiamkia ile miguu. Ikajibu marahaba. Nikasema nimesikia anauza shamba. Miguu ikauliza:

"Mpira unafuatilia?"

"Sifuatilii, mzee. Mimi ni mfanyabiashara."

"Basi itabidi nikueleze. Ngoja nikaze nati."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2021. Mimi, Baba Faidha, nilianza kwa kuuza barafu za ubuyu stendi ya Masasi. Siku hizo nilikuwa na maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, na katika safari yote hiyo sijapata kulipa bei niliyotajiwa mara ya kwanza. Shamba la Selestini nililitaka kwa sababu moja tu: lilikuwa kando ya barabara ya Newala. Mkorosho si kitu kibaya, lakini mahali pale palifaa kituo cha mafuta. Hilo sikumwambia. Mtu anayekwenda kununua mbuzi haanzi kwa kutaja pilau.

Huku kwetu shamba la korosho halinunuliwi kwa ekari. Unahesabu miti. Ardhi iliyo wazi katikati ni kama gunia: unalipia kilichomo, gunia linakuja lenyewe. Na mti ni wa aliyeupanda. Unaweza ukawa na ardhi, mwenzio akawa na mkorosho juu yake, mkazeeka hivyo hivyo na msigombane, ilimradi hakuna anayegusa kisicho chake.

Nikaingia shambani na chaki kuhesabu. Nilipofika katikati nikasimama. Nimeona mashamba mengi, lakini lile lilipandwa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Hapa miti minne imebanana, hapa pengo, pale mmoja peke yake, halafu mhogo, mhogo, mhogo.

"Nani alikupimia nafasi?" nikamwuliza.

"Serengeti Boys," akasema.

Nilidhani ni kampuni.

Selestini alizaliwa hapo hapo Mkunya, akamaliza darasa la saba, akajifunza ufundi kwenye karakana moja ya Ndanda, akarudi na spana saba na mguu wa kushoto ambao, kwa maelezo yake, ungemfikisha mbali kama ungeonwa na mtu. Haukuonwa. Alitengeneza baiskeli mpaka baiskeli zikaisha, akahamia pikipiki. Mwaka 2004 akajiwekea nadhiri: timu ya taifa ya chini ya miaka kumi na saba, ndiyo hiyo Serengeti Boys, ikishinda mechi ya Afrika au ya Dunia, anapanda mkorosho. Ikitoka sare, mbaazi. Ikifungwa, mhogo, maana watu lazima wale. Makombe ya majirani hakuyahesabu. Alisema yale ni harusi za ukoo.

"Na kwa nini watoto? Kwa nini si timu kubwa?"

"Mche unampandia mtoto. Mtu mzima unampandia nini? Msalaba?"

Nikageuka kuitazama tena ile mihogo. Ilikuwa mingi mno.

Kona ya kwanza ndiyo iliyonivutia. Mikorosho minene, matawi yamefungamana. Nikaanza kuitia alama ya chaki.

"Hiyo hatuvuni," akasema Selestini.

Ilikuwa miti ya safari ya kwenda Gambia, fainali za Afrika za 2005. Vijana walishinda, wakafuzu, naye akapanda. Kisha timu ikaondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji. Miche imeshafika magotini. Majirani wakamwambia ang'oe. Akakataa, akasema mti wenyewe haujadanganya umri. Lakini kuvuna pia akakataa. Matokeo yamefutwa, korosho zake utazilaje?

Hapo nikaona mlango. "Mzee, mti usiovunwa siwezi kuulipia bei ya mti unaovunwa. Hii naihesabu kuni."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa Yuliana, mkewe, ambaye wote pale wanamwita Mama Dorika, ana ndoo kichwani na hata hakuishika.

"Baba Faidha, miti hiyo inavunwa."

"Na nani?" akauliza Selestini.

"Na mimi. Tangu Dorika yuko chekechea. Ulifikiri sare za shule zinaota kwenye mbaazi?"

Selestini akaitazama miti, akamtazama mkewe, akavuta pumzi kama mtu aliyesomewa hukumu. Nadhani alikuwa anajua. Miaka yote hiyo amekula wali wa Krismasi bila kuuliza umetoka wapi. Mtu anayejua ndiye asiyeuliza. Ikabidi niilipie kwa bei kamili. Nikamtia yule mama akilini: huyu ndiye wa kuangalia, si yule wa redio.

Tukaendelea kutembea. Sehemu ya pili ilikuwa ya safari ya Gabon, 2017. Mikorosho miwili ya Shelisheli, mmoja wa Afrika Kusini, mmoja wa Kongo Brazzaville. Kongo tuliwafunga hapa tatu mbili, wakatufunga kwao moja bila, tukatolewa kwa goli la ugenini. Kisha wao wakaondolewa kwa shauri la umri, sisi tukaingia.

"Na huo nao ni haramu?" nikauliza.

"Huo ni fidia."

Huko Gabon: Mali, sare, mbaazi. Angola, tulishinda, mkorosho. Niger, tulifungwa, mhogo. Tulilingana nao pointi, wakapita kwa kuwa walitufunga, na hivyo Kombe la Dunia la India likatupita. Mwaka 2019 fainali zikaletwa hapa hapa nchini. Selestini akauza mbuzi, akapanda basi mpaka Dar kutazama mechi ya kwanza. Nijeria tano, sisi nne. Akarudi, kwa maneno ya mkewe, bila sauti na bila mbuzi. Zikafuata Uganda tatu bila na Angola nne mbili. Magoli sita tumefunga, kumi na mawili tumefungwa, na shambani umeingia mhogo tu.

Mwisho tukafika barabarani. Hapo palikuwa na mstari mzima uliofyekwa safi, mtupu, kama uwanja wa msikiti.

"Na hapa?" Hapo ndipo nilipopataka, lakini uso niliufunga.

"Hapa ni pa Kombe la Dunia. Nilipasafisha ile ya India."

Nikamwambia kwa upole kwamba kwa desturi, mstari usio na mti hauna bei, unakuja na shamba. Akasema mstari ule hauuzwi. Nikamwuliza anataka kuniuzia hewa? Akasema hauzi hewa, na ndiyo maana haniuzii. Nikaanza kuondoka, kama inavyotakiwa. Niliondoka mara tatu. Ya tatu nilifika mpaka kwenye pikipiki nikaiwasha. Dorika alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi na muhula ulikuwa unafunguliwa. Hilo nililijua kabla sijatoka Masasi. Sioni aibu. Mtu asiyeulizia kwa nini mwenzie anauza, huyo hanunui, anacheza kamari.

Ndipo tukakaa. Mimi nachukua miti yote na ardhi yote, na mstari wa barabarani humo humo. Yeye anabaki na nyumba na banda lake ng'ambo ya barabara. Lakini timu ya taifa ya umri ule ikishinda mechi Kombe la Dunia, ana ruhusa kupanda mkorosho kwenye ule mstari, na mti utakuwa wake, hakuna wa kuugusa. Alitaka iwe mpaka afe. Nikasema mwaka mmoja. Tukakutana kwenye miaka mitano, mpaka mwisho wa 2026. Mimi vibali na mtaji vingenichukua miaka hiyo hiyo, kwa hiyo sikutoa kitu chochote. Nilikuwa nauza upepo na ninalipwa shamba.

Mwenyekiti wa kijiji, Walter, alikuwa anaandika hati pale pale mezani, kalamu polepole kama anachora. Yuliana akamshika mkono.

"Andika na wasichana."

"Wasichana gani, Mama Dorika?" nikauliza.

"Si kuna timu yao ya umri huo huo? Huyu mume wangu ana mabinti watatu, anapandia watoto wa kiume wa watu. Andika: wavulana au wasichana."

Walter akaniangalia. Mimi nikacheka, nacheka kweli kweli. Wavulana wametoka kufungwa zote tatu nyumbani kwao, na wasichana nilikuwa sijawahi hata kusikia kama wana jezi. Muuzaji akiomba kitu kisicho na bei, mpe, tena mpe kwa mikono miwili, aone ukarimu wako.

"Andika, Mwenyekiti. Weka na wazee wa kijiji ukipenda."

Tukatia dole gumba na saini. Nilirudi Masasi naimba.

Mwaka uliofuata wale wasichana wakaitoa Kameruni na kufuzu Kombe la Dunia. Lilikuwa India. Nilisikia kinyozi akiongea, nikamwambia aendelee kunyoa. Mechi ya kwanza Japani wakawafunga nne bila, nikawanunulia soda watu wa dukani.

Siku tatu baadaye simu ikaita. Selestini hajawahi kunipigia, huwa anabipu.

"Baba Faidha."

"Naam, mzee."

"Wafaransa wawili moja."

"Wametufunga?"

"Sisi ndio wawili."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Nikamwuliza magoli yamefungwaje. Akasema la pili la penalti.

"Penalti inahesabika?"

"Walter hakuandika penalti. Mama Dorika anakusalimu. Nina jembe mkononi."

Ilikuwa Oktoba, ardhi kavu kama tofali, watu wako mashambani wanaokota korosho, na yeye anachimba shimo kwa ajili ya mvua ya Desemba. Nilipofika kesho yake shimo lilikuwa kiunoni. Na wapi? Katikati kabisa, mahali nilipopima magari yaingie. Nadhani alikuwa ameviona vile vigingi nilivyopigilia kwenye majani. Anatengeneza pikipiki; kupima anajua.

Tukaanza upya. Nikamwambia asogeze shimo pembeni, nitampa miche kumi ya kubebesha, ile inayozaa mapema.

"Kumi ni ya mechi gani?"

Nikasema nitampa nafasi nzuri kule nyuma, mti utapata hewa.

"Basi hamisha na mechi, ikachezwe tena huko nyuma."

Nikamgeukia Yuliana, kwa sababu kila nyumba ina mtu mwenye akili. Nikataja bei ya shimo. Shimo tupu, halina hata mche! Bei ambayo sijawahi kutaja kwa kitu kilichojaa. Yuliana akafikiri. Kwa kweli alifikiri, nilimwona midomo ikihesabu, na Selestini naye alimwona, akaliacha jembe likaanguka.

"Mama Dorika," akasema taratibu, "ile mikorosho ya Gambia nilinyamaza."

Wakatazamana. Sikuambiwa maana yake, lakini biashara ilikufa pale pale. Yuliana akachukua ndoo yake.

"Baba Faidha, mbona hukutaka tuandike wavulana tu?"

Siku tatu baadaye tukatoka sare na Kanada, moja moja, akapanda mbaazi pembeni ya shimo. Nikamwambia mbaazi haimo kwenye hati. Akasema ndiyo maana hajaniomba ruhusa. Kisha Kolombia wakawafunga wale mabinti tatu bila robo fainali, na mimi, Mungu anisamehe, nilisali sala ya shukrani. Mechi moja zaidi na ningeingiza magari kwa ngazi.

Sasa ni miaka mitatu. Dorika ni muuguzi, na akiwa likizo hukaa bandani kwa baba yake akimfokea avae miwani. Selestini hana shamba tena. Ana mkorosho mmoja, msimu huu umetoa korosho za kwanza, hazikujaza kofia, na mabibo yake aliyagawa kwa wapita njia kama mtu aliyetoka Makka. Mbaazi ilikauka. Mimi nina miti yote mingine, na inayozaa kuliko yote ni ile ya Gambia, ambayo hainipi shida yoyote rohoni. Lakini kituo cha mafuta hakipo. Mtaalamu alikuja, akapima, akasema lori la mafuta haliwezi kugeuka na mti pale. Akauliza kwa nini nisiukate. Nikamwuliza kama amewahi kuishi huku.

Nilijipa moyo kwamba hati inakwisha mwisho wa 2026, mti wa pili hautapandwa. Kisha nikaja kuambiwa kwamba Kombe la Dunia la vijana hao, wavulana kwa wasichana, sasa linachezwa kila mwaka. Hakuna aliyenitajia habari hiyo wakati natia saini, na kabla hati haijaisha bado kuna makombe mawili, la wavulana na la wasichana.

Juzi nilipita Mkunya. Miguu ilikuwa nje, chini ya pikipiki, redio kwenye usukani. Nikaiamkia.

"Marahaba. Baba Faidha, ratiba ya kufuzu umeisikia?"

Nilikuwa nimeisikia. Ninayo kwenye simu, nimeipigia mstari, na Mtanzania mwingine anayeomba sare kila mechi simjui.

"Sifuatilii mpira, mzee," nikamjibu, nikaenda zangu kuhesabu korosho.