Kupe Wasiosikia Dawa

Luhende alikuwa mfugaji wa bonde la Momba, mtu wa ng'ombe sabini, hajawahi kulazwa hospitali. Kisha saratani ikamshika kooni. Baada ya mionzi na dripu za dawa uvimbe ulinywea, akala ugali tena, akachinja dume kuwashukuru majirani.

Miezi saba baadaye uvimbe ulirudi. Safari hii dripu zilimnyonyoa nywele tu.

"Daktari, mbona mwanzo dawa ilifanya kazi?" aliuliza kwa taabu.

"Mzee, chembe za saratani hazifanani. Dawa iliua zilizokuwa dhaifu. Chache sugu zilibaki, zikazaana, na sasa uvimbe wote ni uzao wao."

Luhende alielewa upesi. Aliwahi kuona kupe waliopona kwenye josho wakizaa kupe wasiosikia dawa, mpaka akatafuta dawa nyingine.

"Basi badilisha," alisema.

"Ya kubadilisha hatuna, mzee."

Mkewe, Justina, alimrudisha nyumbani. Uvimbe uliendelea kukua mpaka ukaziba koo, hata maji yakashindwa kupita. Luhende alikufa kwa njaa na kiu, na vibuyu vya maziwa vimejaa ndani.