Mita Mia Tano za Mama Sahani

Mama Sahani anauza vyombo vya kauri sokoni, na kwa miaka sita nyumbani kwake walikula kwenye plastiki. Si ubahili. Mumewe, fundi redio mwenye hasira za kiberiti, akichemka alirusha chochote kilicho karibu, na plastiki haipasuki. Siku moja plastiki zilikuwa nje zinakauka. Bwana akanyanyua katoni nzima ya sahani za biashara, akaibamiza ukutani, kigae kimoja kikamchana mkewe kiwiko.

Alishonwa nyuzi tatu, akadai cheti cha daktari, akapita polisi kuandikisha maelezo, kisha akabeba ndoo ya vigae hadi ofisi ya msaada wa kisheria, ambako ushauri ni bure. Wakili, msichana mwenye miwani, akachungulia ndani ya ndoo.

"Mama, nini hiki?"

"Ushahidi. Vipo vyote, mwanangu, hata vya chini ya kabati."

"Unataka talaka?"

"Talaka nitaiwaza nikishapumzika. Nataka kukaa kwangu na binti zangu, bila kurukiwa na vyombo."

Wakili akacheka, akamweleza kwamba si lazima ndoa ivunjwe kwanza. Kesi ya kujeruhi polisi wataiendesha, na talaka anaweza kuiomba wakati wowote. Lakini leo hii anaweza kuomba mahakama itoe amri ya ulinzi: mume ahame, asimsogelee, na akikiuka akamatwe.

"Hata kama mkataba wa nyumba una jina lake?"

"Hata hivyo."

"Mbona hamtangazi mambo mazuri hivi?"

Wiki iliyofuata wakasimama mbele ya hakimu, mama mmoja mkavu asiyepoteza maneno.

"Akae umbali gani?"

Mama Sahani alitaka mita mia. Lakini ulimi wa sokoni haujui kutaja bei ya mwisho kwanza. "Mia tano, mheshimiwa."

Hakimu akaandika. "Mia tano."

Hakupunguza hata moja! Sasa, mfanyabiashara akikubaliwa bei ya kwanza, hujuta papo hapo: kumbe ameuza rahisi. Kabla wakili hajamvuta gauni, alishasimama tena.

"Na sokoni asifike. Na shuleni kwa watoto. Na asinipigie simu. Na asimtume wifi."

"Umemaliza?"

"Nikikumbuka kingine je?"

Wakili akajificha nyuma ya faili, mabega yakimtikisika. Mume naye, upande wa pili, akaruka. "Mheshimiwa, mia tano nyingi mno! Hata kinyozi wangu yumo humo!"

"Fuga ndevu," hakimu akasema, akagonga muhuri.

Siku ya nne bwana akatokea kwenye kona ya duka la dawa, kofia hadi kwenye nyusi, mfuko wa machungwa mkononi. "Mke wangu! Njoo tuongee, dakika moja tu!"

Mama Sahani, mlangoni kwake, alisita, tusidanganyane. Na machungwa yalikuwa makubwa. Lakini alijua akijibu neno moja tu, ameshaanza kupunguza bei. Akafunga mlango, akapiga namba aliyopewa polisi. Wakaja wawili.

"Nilikuwa napita tu, afande."

"Vizuri. Basi utapita na sisi."

Alilala mahabusu, akarudishwa kwa hakimu, akatoka huko amejifunza njia ndefu ya kuzungukia mtaa. Siku hizi ndevu zimemfika kifuani.

Jumamosi mchana Mama Sahani akafungua katoni mpya, akaandaa meza kwa sahani nyeupe zenye ukingo wa bluu. Binti mdogo akabeba yake kwa mikono miwili, kama anabeba yai. Ikamponyoka. Pwaa!

Wote watatu wakaganda, wakitazama mlango. Mlango ukatulia. Dada mtu akaanza kwikwi za kicheko, mama akafuata, mpaka wakashikilia meza.

Mdogo akaokota vipande, akaenda navyo mbio kwenye ile ndoo ya ushahidi.

"Wee, siyo huko!" mama akamwita, akifuta machozi. "Hivyo ni vya jalalani. Njoo uchukue sahani nyingine."