Majani Tuliyowawekea Wageni

Mimi kushukuru kwa mdomo sikujui. Nilikulia kwenye boma ambalo mtu akija kukusaidia kupalilia humwambii asante. Unampikia, anakula, na siku ya shamba lake unafika kabla hajaamka. Kwa hiyo simu ilipoingia kwamba marafiki wanaolichangia shirika lililotusaidia kupanga ardhi wanakuja kijijini kwetu, na kwamba mimi, katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi, ndiye nitakayetoa neno la shukrani, nilikaa na daftari siku tatu. Nikaandika "Ndugu wageni", nikakwama hapo.

Tatizo halikuwa kwamba hawastahili. Dada wa shirika, ambaye alizunguka nasi kwa miguu mipaka yote ya kijiji mpaka viatu vikamwachama, alishatueleza kuwa hawa si matajiri. Ni walimu wastaafu, wauguzi, watu wenye maduka madogo huko kwao, na kila mmoja hutoa anachoweza kwa ajili ya mahali ambapo hajawahi kupaona. Wala hawakutujengea jengo la kupigia picha. Walitugharimia mabishano. Maana kupanga ardhi ni mabishano: nani alime wapi, nani achunge wapi, njia ya ng'ombe ipite shamba la nani. Vikao vingine tulianza asubuhi tukatawanyika jioni tumenuniana, na kesho yake tukarudi. Mwishowe tukapata ramani, ile iliyopigiliwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, ambayo hata asiyesoma anakuonyesha kwa kidole boma lake liko wapi.

Na tukapata Akiba. Ndilo jina tuliloyapa malisho yetu ya hifadhi, upande wa kuelekea Balangdalalu. Zamani pale palikuwa na udongo mwekundu mtupu, na korongo lililokuwa likila shamba moja kila masika. Tangu tope la mlima liingie Jorodom na kuzika nyumba za watu, hakuna mtu huku anayechukulia udongo kwa mzaha. Tulipafunga. Tukakataa hata mbuzi. Mwaka wa kwanza yakaota magugu, watu wakatucheka. Mwaka wa tatu ng'ombe akiingia ulikuwa unaona mgongo na pembe tu. Mimi nilikuwa nikipita pale jioni bila sababu yoyote, napunguza mwendo, naangalia. Sioni aibu kusema kwamba nilijivuna. Nimezaa watoto watano na wote wamenipa fahari, lakini hakuna kati yao aliyenitii kama yale majani.

Sheria ya Akiba iliwekwa na mkutano mkuu wa kijiji: inafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, kiangazi kikiwa kimebana, na wanaoingia ni ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na wagonjwa tu. Wageni walitakiwa kufika Jumamosi, siku mbili kabla ya kufungua. Tulishapanga: watayaona majani yamesimama, watafurahi, Jumatatu mifugo inaingia. Ijumaa jioni dada wa shirika akapiga simu. Safari yao imesogea mbele wiki mbili.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada, kamati nzima, watu wanane. Mwenyekiti wetu ni mdogo wa mume wangu, mtu mpole wa kupenda mambo yaende vizuri. Alikuna kichwa akasema wageni wakija watakuta mabua. Watu wakatazamana. Nami ndiye niliyesema tusubiri. Nilisema wiki mbili si nyingi, watu wametoka mbali, tutawaonyesha nini, kinyesi? Nikanyoosha mkono wangu kwanza. Wengine saba wakanyoosha.

Nilirudi nyumbani moyo mweupe kabisa. Daftari nalo likafunguka: niliandika ukurasa mzima kuhusu majani.

Alhamisi asubuhi alikuja jirani yangu, bibi mjane ambaye boma lake na langu yanapakana. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia marahaba, lakini hakukaa kwenye kigoda nilichomsogezea. Aliniuliza kama nina kisu kizuri cha kuchunia. Chake kimeisha makali.

Nilielewa palepale, na ili wewe pia uelewe, lazima nikueleze habari za yule ng'ombe. Hakuwa wake. Kwetu mwenye ng'ombe wengi haweki wote boma moja. Huwagawa kwa watu anaowaamini, mmoja huku, wawili kule. Wewe unayepewa unamtunza, maziwa yako, mbolea yako, ndama ni wa mwenyewe. Ikitokea amekufa, unamchuna, unabeba ngozi mpaka kwa mwenyewe, unaitandaza mbele yake aone kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. Hatakudai kitu. Lakini hatakupa tena mwingine, hasa ukiwa mjane mzee usiye na kijana wa kuchunga. Mwenye ng'ombe huyu aliishi kijiji cha Masakta. Na yule bibi aliishi kwa maziwa yake: nusu anakunywa na mjukuu, nusu anabadilisha kwa mahindi.

Nilimfuata mpaka zizini kwake. Ng'ombe alikuwa amelala, ameshindwa kuinuka, na ndama anamsukuma kiwele kitupu. Mbavu ungeweza kuzihesabu kutoka mlangoni. Majirani wawili walishafika na mti mrefu. Wakaupitisha chini ya tumbo, mmoja kila upande, mimi nikashika mkia, tukamwinua. Alisimama akitetemeka miguu yote minne. Bibi akaniambia hiyo ni asubuhi ya tatu wanamwinua hivyo. Alihesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, leo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumatatu. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto.

"Mlisema pamefungwa," akasema. "Mimi nilikuwa kwenye mkutano siku ile tunaweka sheria. Ningeingiaje?"

Kutoka zizini kwake unaiona Akiba. Majani yalikuwa yanachezacheza na upepo, marefu, yameiva rangi ya dhahabu, kiuno cha mtu mzima. Mwanamke huyu alikuwa akiyatazama kwa siku nne huku ng'ombe wa watu anakufa mkononi mwake, kwa kuwa anaheshimu sheria ambayo mimi, mtunza sheria, nilikuwa nimeivunja ili nipendeze mbele ya wageni. Roho ilinisuta mpaka nikakosa pa kuweka macho. Nilikwenda kuchukua mundu.

Nilikata mizigo miwili ya majani ndani ya Akiba, peke yangu, mchana kweupe, kila mtu akiniona. Nikambebea ng'ombe. Halafu, nikiwa bado nina mabua kwenye kitambaa cha kichwa, nikaenda kwa mwenyekiti.

Alikuwa ameshapata habari. Alinikaribisha chai, akaniambia taratibu kwamba wageni huja mara moja, na ng'ombe mmoja tunaweza kumkatia majani kimyakimya, kwa nini tufungue wote. Nikamwambia kuna mmoja tunayemjua kwa sababu zizi lake liko mlangoni kwangu. Wale wengine nani anawainua asubuhi? Kisha akanirushia lile nililokuwa naliogopa.

"Lakini shemeji, wewe ndiye ulinyoosha mkono kwanza."

"Ndiyo," nikasema. "Na leo naushusha."

Nilimkumbusha kwamba mwaka uliopita tulimwadhibu mzee wa watu kwa kuingiza ndama siku mbili kabla ya wakati. Kuwahi na kuchelewesha vina tofauti gani? Sheria inasema Jumatatu, leo Alhamisi. Mwenyekiti alikunywa chai yake mpaka chini, akasema basi tufungue kesho asubuhi. Nikamwambia na adhabu je? Hapo akaniona nimezidi. Alitaka kujua kama nina akili timamu. Lakini ni mtu wa haki, ukimpa muda. Alipokuwa ananisindikiza alikuwa anajiuliza kwa sauti ni nani aliyeiazima sururu yake.

Maana adhabu ya Akiba si fedha. Aliyeikosea anachimba mtaro wa kuzuia maji juu ya lile korongo, hatua kumi kwa kila siku ya kosa, na hatua zenyewe zinapimwa na yule aliyeumizwa. Siku nne, hatua arobaini, kwa kila mmoja wetu tulionyoosha mikono. Tulimwita bibi aje kutupimia. Kwa kawaida anatembea kidogokidogo kwa sababu ya magoti, nami kwa siri nilikuwa nimelitegemea hilo. Siku hiyo alipandisha kanga akatupa miguu mbele kama askari wa gwaride. Nilimwambia, "Bibi, magoti yamepona?" Akasema leo hayaumi hata kidogo.

Ijumaa Akiba ilifunguliwa. Ng'ombe wa bibi hakuweza kwenda, akaendelea kukatiwa na kuletewa, na Jumatatu yake bibi alinigongea mlango kabla ya jua kuniambia kwamba ameamka amemkuta amesimama, mwenyewe, bila mti. Tulikwenda kumwangalia tukiwa bado tumejifunga shuka za kulalia. Nililia, na sijali nani anajua.

Mtaro ulikuwa mgumu. Udongo wa Oktoba unarudisha sururu. Watu wanane wazima, na kila mtu ana kazi zake nyumbani, tulichimba jioni baada ya jioni, na wiki ya pili ikatukuta hatujamaliza. Ndivyo wageni walivyotukuta.

Gari lilisimama Jumamosi asubuhi chini ya Akiba wakashuka watu sita, wengi wazee kuliko mimi, wenye kofia na chupa za maji. Waliangalia kulia, wakaangalia kushoto. Majani yalikuwa yameng'atwa mpaka chini, samadi kila mahali, ndama wamelala katikati wameshiba. Na juu ya korongo, kamati yao ya matumizi ya ardhi, vumbi mpaka kwenye nyusi, ndani ya mtaro, huku kibibi kimoja kimesimama na fimbo kuhakikisha hakuna anayeiba hatua. Dada wa shirika alishika mdomo. Alikuwa ameahidi majani.

Mwenyekiti alinikata jicho. Ile hotuba yangu ya ukurasa mzima ilikuwa nyumbani, na hata ningekuwa nayo isingefaa. Nikatoka mtaroni, nikapangusa mikono kwenye kanga, nikawasalimia. Halafu nikawaeleza yote, dada akitafsiri: mkono wangu, siku nne, ng'ombe wa Masakta, na kwa nini tunachimba. Sikuficha kwamba tulifanya hivyo kwa ajili ya macho yao. Dada alisita kidogo kwenye hilo, nikamwambia, "Waambie na hilo."

Kisha mama mmoja mwenye mvi, ambaye baadaye nilisikia alifundisha shule miaka yote ya kazi yake, akauliza kitu. Dada akanigeukia.

"Anauliza, mama, sheria hii ya mtaro nani aliwafundisha? Shirika?"

"Hapana," nikasema. "Ninyi mlitulipia muda wa kubishana. Sheria tumeiweka sisi. Na mara hii imetukamata sisi wenyewe, na tumekubali kukamatwa."

Nilipolisema hilo nilisikia kitu kimenipanda kifuani, kikubwa kuliko siku zile nilipokuwa nikipita jioni kuyatazama majani. Nilikuwa mchafu, mgongo unaniuma, nimetoka kukiri kosa mbele ya wageni, na sijawahi kusimama wima namna ile maishani mwangu. Bibi naye alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Alirudi na maziwa ya yule ng'ombe kwenye sufuria ndogo iliyofunikwa sahani, akawapa wageni mmoja mmoja kwa kikombe kimoja. Hakusema lolote. Kwake yeye alikuwa ameshamaliza kushukuru.

Walipokuwa wanaondoka, yule mwalimu alinishika mkono wenye malengelenge. Alisema huko kwao wako wengi wanaochangia ambao hawatafika huku kamwe, na watamuuliza amekuta nini. Alitaka neno la kuwapelekea, kwa sababu picha nzuri hakuwa nayo.

Nilifikiri kidogo. Kisha nikasema, "Waambie umekuta majani yameliwa."

Dada alitafsiri. Mama yule alirudia maneno hayo kwa lugha yake, polepole, akayaandika. Nami nikashuka mtaroni, kwa sababu nilikuwa bado nadaiwa hatua sita.