Ahsante ya Maji Matamu

Kuna siku moja, mwanangu Swaleh, ambayo kila nikiikumbuka koo hunikauka. Nawe juzi umenirudisha kwenye siku hiyo pasi na kujua, na wala sikulaumu. Ulikuja na wenzako kutoka Magongo, mmebeba kile kinanda cha santuri cha kukaza ufunguo kwa mkono, mkanikalisha kitini kama bibi arusi, ukasema, "Bibi, leo twakurudisha ujanani." Ukaweka sahani, ukashusha sindano. Udi ukalia, mwanamume akaimba, nami nikawa natikisa kichwa, kwani wimbo wenyewe ni mzuri na siwezi kukataa. Kisha wimbo ukaisha, na ile sauti ikasema maneno yake ya mwisho: "Ahsante, Mwanasiti wa Likoni, kwa maji yako matamu."

Mkacheka nyote. Ukasema hapo ndipo penye utamu wenyewe, kumbe wazee wa zamani nao walikuwa watundu, na kwamba utayatia maneno hayo kwenye simu ili dunia nzima iyasikie. Mimi nikainuka nikaingia ndani, nanyi mkadhani nimechoka. Sikuchoka. Mwanasiti alikuwa dada yangu, tumbo moja.

Wewe wapenda vitu vya kale, nami sikukatazi. Nyumba yako nimeiona: pasi za makaa, kandili zisizo na utambi, redio kubwa kama kabati isiyosema kitu, mikebe ya biskuti ambayo sisi tulikuwa tukitilia mchele. Watu husema ya kale hayanuki. Hayanuki kwa ambaye hakuwepo. Keti basi, na simu hiyo iweke chini, nikwambie sahani yako imetoka wapi.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na vijana walikuwa wakirudi na makoti ya khaki, wengine na vinanda vya santuri walivyovipata huko walikokuwa. Sisi tulikaa papa hapa Likoni, si mbali na feri. Baba alikuwa mkulima wa minazi na mihogo, na kila asubuhi akichukua madafu akiyauza pale watu wanaposhukia. Lakini kilichotupa jina si minazi. Visima vingi vya Likoni ni vya chumvi. Maji yake utaoga, utafulia, ila ukiyanywa kiu haikuachi. Chetu kilikuwa kisima cha maji matamu. Ndivyo tulivyosema na ndivyo tusemavyo mpaka leo: maji ama ni ya chumvi, ama ni matamu, wala hakuna fumbo hapo. Majirani walikuja kuteka wakati wowote, na baba hakumzuia mtu.

Dada yangu alikuwa mwari aliyekwisha kuposwa. Mchumba wake alikuwa mshona nguo wa Junda, kule Kisauni, kijana mwenye adabu zake. Dada alikuwa akimpenda. Zama zile jambo hilo hukulitamka, lakini sisi tuliolala naye chumba kimoja tulilijua kwa namna alivyokuwa akidarizi foronya za arusi. Alikuwa akifumua ua zima kwa sababu ya tundu moja la sindano lililokwenda upande.

Basi mchana mmoja wa jua kali, akapita mlangoni kwetu kijana aitwaye Bakari, mpiga udi wa Mtongwe, anakwenda kwenye arusi ya watu. Homa ilikuwa imemshika, atetemeka juani na udi wake begani. Akapiga hodi akaomba maji. Mama alikuwa amekaa ukumbini akisuka mkeka, nami niko kando yake nikimpa miyaa. Mama akaita, "Mwanasiti, mpe mtu maji." Dada akajitanda kanga, akachota mtungini kwa kata, akaipitisha mlangoni, unaonekana mkono wake tu. Yule kijana akanywa mpaka tone la mwisho, akairudisha kata, akashika njia akipepesuka.

Mama akasema, "Huyu naye, hata ahsante hana." Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa kitandani kwake pale ukumbini, akamjibu, "Mwache, ana homa. Ahsante yake itakuja kwa njia yake."

Na kweli ikaja. Laiti isingekuja.

Haukupita muda mrefu, mwenye duka mmoja ng'ambo ya feri, kule kisiwani, akaleta watu wenye mashine ya kunasa sauti, waimbaji wakaitwa, na Bakari naye akavuka na udi wake. Sasa elewa jambo hili, mwanangu. Waimbaji wetu hawamtaji mtu. Mpenzi watamwita ua, watamwita njiwa, watamwita tunda, na msikilizaji afumbue mwenyewe. Kumtaja mtoto wa watu kwa jina lake ni sawa na kumvua kanga sokoni. Bakari aliyajua hayo kunishinda mimi. Lakini wimbo wake ulikuwa mfupi, ukaisha na sahani haijajaa, na yule mtu wa mashine akampungia mkono: endelea, sema lolote. Kijana akababaika. Katika kubabaika huko likamtoka lile lililomkaa moyoni tangu siku ya homa, ahsante aliyosahau kuisema, na jina alilolisikia kwa mama.

Neno lenyewe lilikuwa jeupe, halina kitu ndani. Lakini ukiliweka mwisho wa wimbo wa mahaba, nani atakuamini? Beti zote za juu zilikuwa mafumbo, basi watu wakasema na hili ni fumbo, tena hili ndilo kubwa lao. Katika wimbo mzima palikuwa na ukweli mmoja tu usiofichwa, na ndio huo watu walioukataa.

Baba ndiye aliyeisikia sahani hiyo kwanza, kwenye mkahawa wa pale feri. Alirudi nyumbani na madafu yake yote, hakuuza hata moja. Akamwita mama chumbani, nasi tukasikia kila kitu, kwani kuta za makuti hazifichi. Mama akasema, "Baba Mwanasiti, mimi nilikuwepo. Alikunywa maji akaenda zake." Baba akasema, "Najua. Mwanangu namjua." Nikafurahi, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Kila alipopita na madafu yake, wanywa kahawa waliirudia sahani ile, tena wakimtazama usoni. Vijana wakawa waja kisimani mikono mitupu, hawana ndoo wala debe, wakisema wamekuja kuonja maji matamu. Wanawake waliokuwa wakiteka kwetu miaka nenda miaka rudi wakaanza kuja wawili wawili wakinong'ona kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali nayo ni kama kisu, mwanangu, hukata kwa yeyote anayekishika. Dada akaacha kutoka nje ya ua.

Kisha akaja shangazi wa mchumba kutoka Junda. Mama akamkaribisha mkekani, akamtolea maji kama ilivyo ada. Yule shangazi akakitazama kikombe, asikiguse. Akasema, "Maji ya nyumba hii tumeshasikia sifa zake." Akainuka akaenda zake, na uchumba ukafa palepale mkekani. Dada alikuwa nyuma ya mlango na foronya mkononi, nami niko naye. Hakulia. Alikata uzi kwa meno, akaikunja foronya, akaitia sandukuni, na sikumwona tena akishika sindano.

Bakari alipopata habari alikuja na mjomba wake kumtaka baba radhi. Akaeleza habari ya mashine na ule mkono uliompungia. Akasema yu tayari kusimama msikitini mbele ya watu aape, na kama baba ataridhia, yu tayari kuposa. Baba akamwambia, "Ukimwoa, utakuwa umewathibitishia." Na hilo lilikuwa kweli, ndio ubaya wake. Yule kijana akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba akizinunua sahani zile na kuzivunja. Watu wakasema, azivunjia nini kama hapana kitu? Na mwenye duka alipoona sahani zatoka mbio, akaagiza nyingine tele. Maji yakimwagika hayazoleki, naye aliyazoa kwa viganja mpaka akachoka, akahama. Wengine walisema yuko Tanga. Udi wake sikuusikia tena mpaka juzi ulipouleta wewe.

Ikafika siku baba akachukua jembe na sepeto, akaita vibarua wawili, wakakifukia kisima. Walitupa mawe, wakatupa vigae na vifuu, wakamalizia kwa mchanga. Bibi alitoka uani kwa fimbo yake, akasimama ukingoni, na hapo ndipo aliposema maneno yaliyonifanya nikuite leo.

"Omari," akamwambia baba, "mwanao wamjua au humjui?"

"Namjua, mama."

"Alikosa?"

"Hakukosa."

"Basi kisima chafukiwa kwa nini?"

Baba akasema, "Watu, mama."

Bibi akamwambia, "Mola alikupa mtoto, hakukupa watu. Siku atakapokuuliza habari zake, utamjibu kwa sahani?"

Nilimtazama baba, nikawa na hakika ataliweka jembe chini. Hakuliweka. Aliinama akaendelea kuvuta mchanga, na machozi yanamtoka, na vibarua wanajifanya hawaoni. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mbaya ningemsahau.

Kabla ya Ramadhani dada akaozwa mgane mmoja wa Vanga, mzee aliyefiwa na mkewe, mbali huko ambako kinanda kilikuwa hakijafika. Aliulizwa kama ada, akanyamaza, na kunyamaza kwa mwari watu hukuita kukubali. Asubuhi ya kuondoka alimwamkia bibi, akamwamkia baba, akafika kwa mama. Akamshika mikono yote miwili, akamwambia neno moja tu: "Mama, wewe ulikuwepo."

Mama alikuwa amemwambia baba, na baba alikuwa ameamini. Lakini kule kisimani, kwa wale wanawake, mama hakusema. Kwa shangazi wa Junda hakusema. Alitahayari, akadhani aibu ukiinyamazia itajipitia yenyewe. Dada alikufa Vanga katika uzazi wake wa kwanza, yeye na kitoto chake, na habari ilitufikia wamekwisha kuzikwa. Mama hakulitamka tena jina la Mwanasiti mpaka alipoingia kaburini, na baada yake hapakuwa na mtu wa kumtaja. Miaka yote hii jina la dada yangu sikulisikia kinywani mwa mtu, mpaka juzi, na nilipolisikia lilifuatwa na kicheko.

Baba aliishi sana baada ya hapo. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliomba maji, nikamnywesha mimi kwa kijiko. Akayageuza kinywani, akayatema. Akasema, "Si haya." Nikamwambia, "Baba, ndiyo tuliyo nayo." Akafumba macho. Mama alikuwa ameketi miguuni pake.

Sasa nisikilize, wewe na wenzako. Sikwambii uvitupe vitu vyako. Vitunze, vipanguse vumbi, furahi navyo. Ila kila kitu cha kale kilipita mikononi mwa watu, na watu wale waliumwa kama unavyoumwa wewe. Kabla hujacheka, uliza. Na hiyo simu yako ndiyo ile mashine ya kunasa sauti, leo kila mmoja anayo mfukoni, na yule mtu wa kupunga mkono yumo humohumo: endelea, sema lolote. Usimtaje mtoto wa watu kwa ajili ya kujaza nafasi. Ukiwa na ahsante yako, ipeleke mlangoni kwa mwenyewe, ikomee hapo. Na mtu akisingiziwa nawe ulikuwepo, sema kwamba ulikuwepo, tena usiseme chumbani; toka nje ukawaambie walewale wanaocheka. Mtu wako ukimjua, mjue mbele za watu. Baba alimjua mwanawe chumbani tu, na kujua huko hakukumfaa dada yangu kitu.

Sahani usiivunje. Bakari alivunja nyingi na hakumponya mtu. Ipige ukitaka, wimbo ni mzuri. Lakini ikifika pale mwisho, wakianza kucheka, inua sindano uwaambie: Mwanasiti alikuwa binti Omari, alikuwa akidarizi foronya za arusi yake, na kwao kulikuwa na kisima. Waambie maji yale yalikuwa maji.

Nenda, mwanangu. Mola akujaalie mlango wa kubisha popote jua litakapokukuta na kiu, na mkono wa kukupa bila kuogopa. Akupe ulimi wa kushukuru ungali mlangoni, na siku mwenzio atakapokutazama akuambie ulikuwepo, akupe miguu ya kusimama. Amin. Haya, nipe hicho kikombe, koo limenikauka. Hata haya ya mfereji bado yana chumvi.